Mhariri, chakula cha vichanga vya kaa kinaogelea kwenye majaruba yetu ya chumvi na bado tunakinunua kwa mkebe

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mlio hapo chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma kwa kinyozi hapa Gongoni hata kama ni la jana au la juzi, na nimeamua kuandika manake wiki kadhaa zilizopita mlitoa habari ya vikundi vya kunenepesha kaa kwenye vizimba huku mikokoni, na picha nzuri kabisa ya kina mama wameshika kaa waliofungwa kamba magando, nikafurahi sana, lakini nikasoma mpaka mwisho sikuona mahali palipoulizwa hawa kaa wadogo wanaotiwa vizimbani wametoka wapi.

Wametoka mikokoni. Kuna mtu ameingia na kijiti chenye ndoana akamtoa shimoni akiwa mdogo, akamuuzia kikundi, kikundi kikamlisha matumbo ya samaki miezi miwili mitatu akaongeza uzito, akauzwa hotelini. Hiyo ndio kazi yote. Na mi siwalaumu hao kina mama hata kidogo, dadangu mwenyewe yuko kwenye kikundi kama hicho na karo ya watoto imetoka humo, lakini tuseme ukweli, kunenepesha sio kufuga. Anayefuga kuku ana yai, ana kifaranga, ana jogoo, haingii msituni kila mwezi kutafuta kuku wadogo wa kuja kuwalisha. Kaa tunawachukua mikokoni na mikokoni haturudishi hata mmoja, halafu mwaka ukipita tunashangaa mbona siku hizi kaa wamekuwa wadogo na wako mbali.

Sasa kwa nini hatuwatotoleshi wenyewe? Hapo ndio barua yangu inaanzia.

Kaa wa mikoko jike akishapandwa na mayai kukomaa anatoka mikokoni anaenda bahari kuu, na kule anabeba mayai chini ya tumbo, sio mia sio elfu, ni milioni, jike mmoja mkubwa anaweza kubeba milioni mbili tatu na kupita. Yakitotoka yanatoka vitu ambavyo ukionyeshwa utabisha kwamba ni kaa, ni kama chembe ya vumbi yenye mwiba na macho mawili, inaelea na kurukaruka majini. Kile kichanga kinabadilika mara tano, kila mara kinavua ganda, kama siku 16 mpaka 18 hivi maji yakiwa na joto zuri, halafu kinaingia hatua nyingine ambayo kinaanza kuwa na magando na bado kina mkia, wiki moja tena, ndio unaona kaa mdogo kabisa anatembea chini ya tangi. Kati ya hapo na hapo wanakufa wengi mno. Wanakufa kwa ugonjwa, wanakufa kwa kulana wenyewe kwa wenyewe, na zaidi ya yote wanakufa kwa kukosa chakula kinachotoshea mdomo wao.

Manake kichanga cha kaa hakili unga. Ukimmwagia unga unazama, unaoza chini, maji yanaharibika, asubuhi unakuta tangi limenyamaza. Anataka kitu kilicho hai, kinachotembea mbele yake, kidogo kuliko yeye. Siku za kwanza anapewa rotifa, vidudu ambavyo kwa macho tu huvioni vizuri, halafu akikua kidogo anapewa atemia. Samaki wengi wa baharini na kamba pia mambo yao ni hivyohivyo. Ukiwa huna atemia huna hachari, yaani kituo cha kutotolesha na kulea vichanga, hata kama una jengo zuri la vigae na pampu mpya na bango barabarani.

Atemia ni nini? Wasomaji wako wa Gongoni, Marereni na Kurawa wanamjua ila hawalijui hilo jina. Ni kile kidudu kama kamba mdogo mwembamba anayeogelea chali, tumbo juu, na miguu yake ya manyoya inacheza bila kupumzika, jozi 11 ukihesabu kwa hadubini. Mkubwa wake ni kama sentimita moja. Sisi tukiwa watoto tulimwita kidudu cha chumvi. Baba yangu alikuwa kibarua wa kukwangua chumvi na sisi tulikuwa tunampelekea chakula mchana, na pale anapokula sisi tunachuchumaa ukingoni mwa jaruba tunachota maji kwa mikono tunaangalia vidudu vinacheza kwenye kiganja mpaka maji yaishe. Mkono ukikauka unabaki mweupe wa chumvi na vidudu viwili vitatu vimelala juu yake kama nyuzi za rangi ya chungwa.

Na hapa niweke sawa jambo moja ambalo watu hulichanganya, sio kila maji mekundu ni hivyo vidudu. Yale majaruba ya mwisho ambayo chumvi inakaribia kuganda, yanayogeuka rangi ya waridi au damu kabisa, ile ni kazi ya vijimea na bakteria wanaopenda chumvi kali. Atemia anakaa majaruba ya katikati, pale maji yamekuwa makali kiasi cha kumshinda samaki lakini bado hayajaanza kuganda. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukipita gramu 80 hivi samaki karibu wote wameshatoka kwenye mchezo, na hiyo ndio ngome ya atemia, hana mwiba hana sumu hana ganda gumu wala mbio, yeyote anayeweza kumfikia anamla, kwa hiyo kinga yake ni kuishi mahali ambapo adui hawezi kuvuta pumzi. Ndege ndio wanaomfuata mpaka kule, hasa heroe na midomo yao iliyopinda, na sehemu ya ile rangi yao ya waridi inatokana na vitu kama hivi wanavyokula.

Msimamizi mmoja kwenye shamba moja la chumvi nililofanya kibarua nikiwa kijana alikuwa akiviona anakasirika, anasema vinachafua chumvi, anaamrisha maji yafunguliwe yamwagwe. Tukamwaga. Nilikuja kujua baadaye kabisa kwamba ilikuwa kinyume, atemia anachuja maji mchana na usiku, anakula vile vijimea vinavyofanya maji kuwa mazito na ya utelezi, na maji yakiwa safi chumvi inaganda kwa punje kubwa nyeupe ngumu. Yaani tulikuwa tunamwaga mfanyakazi asiyelipwa. Nikikumbuka hiyo siku naumia hata leo, na sio kwa ajili ya chumvi.

Kisa cha atemia kufika hapa ni kwamba sio wenyeji. Waliletwa kwa makusudi miaka ya 1980, mbegu ya Marekani, wakapandwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani hii yetu ya kaskazini ya Malindi, wakashika. Sasa wanajizalia wenyewe. Kwa hiyo tuna karibu miaka 40 tuna mifugo ambayo hatujaifuga.

Nimefanya kazi miaka minne kwenye hachari moja ndogo huku pwani, sitaitaja jina manake yaliyonipata mengine sio ya gazetini, na kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo tu, kutotolesha atemia. Nataka niielezee kidogo kwa sababu mtu akisikia ufugaji wa viumbe wa baharini anafikiria lazima uwe daktari. Mayai yanakuja kwenye mkebe, ni unga wa kahawia kama ugoro, makavu kabisa. Hapo ndio maajabu ya Mungu yalipo, yai la atemia likikaushwa linalala, linaweza kulala miaka, si mfu si hai, na siku ukilitia maji linaamka. Gramu moja ya huo unga ina mayai kama 250,000 hadi 300,000. Unachukua maji ya bahari, unayachuja kwa kitambaa, unatia kwenye chombo chenye kitako cha kuchongoka (sisi tulikuwa tunakata chupa kubwa za maji tunazigeuza kichwa chini), unatia gramu 2 kwa kila lita, unaweka hewa ya nguvu kutoka chini ili yai lisipate pa kutulia, unawasha taa juu yake, na joto la hapa kwetu linatosha bila hita, nyuzi 28 ni raha yao. Ukitia magadi ya kupikia kidogo maji yasigeuke kuwa na uchachu ni bora zaidi. Saa 18 mpaka 24 imekwisha, ule unga wa kahawia umegeuka kuwa supu ya rangi ya chungwa inayotembea.

Kazi ngumu ni kuvuna kwa wakati. Unazima hewa, unasubiri dakika kama tano hadi kumi usizidishe manake watakosa pumzi, maganda matupu yanapanda juu, mayai yaliyogoma yanazama, na watoto wanakimbilia kwenye mwanga, unaweka tochi chini ubavuni wanajaa pale kama watoto wa shule wakisikia kengele, unafungua bomba wanashuka kwenye chujio laini. Yale maganda usiyapeleke kwa vichanga, yanaweza kuwaziba matumbo. Na usichelewe, mtoto wa atemia akitotoka tu hana mdomo wa kulia, anakula kiini alichozaliwa nacho, baada ya saa 8 hivi anavua ganda na kile kiini kinaanza kuisha, kwa hiyo ule mlo uliokuwa umejaa lishe asubuhi ukiupeleka jioni umekuwa maji matupu. Nimeona tangi la vichanga wanakula wanashiba na bado wanakufa kwa sababu mtu alilala. Ikibidi kuchelewa unawalisha kwanza wao wenyewe mafuta ya samaki yaliyochanganywa vizuri ili wawe kama vidonge vya mafuta vinavyoogelea, ndio unawapeleka kuliwa.

Hayo yote niliyafundishwa na kijana aliyekuwa amenitangulia, ambaye hata kidato cha nne hakumaliza. Nasema hivyo ili ieleweke, hii ni kazi ya umakini, sio kazi ya vyeti.

Sasa mkebe. Mkebe mmoja wa nusu kilo kasoro ulikuwa unameza ujira wangu wa wiki mbili na zaidi. Ulikuwa unatoka Marekani, kwenye ziwa moja la chumvi jimbo la Utah, Great Salt Lake, ambako kila mwaka kuanzia Oktoba watu wanatoka na mashua kukusanya mayai yanayoelea juu ya maji kama utandu, na ndege ndogo zinazunguka juu kuwaonyesha utandu uko wapi. Dunia nzima inatumia zaidi ya tani 2,000 za mayai haya kwa mwaka na miaka mingi sehemu kubwa ilitoka kwenye ziwa hilo moja, mengine sasa yanatoka Uchina na Urusi na Kazakhstan. Mwaka 2022 hilo ziwa la Utah lilishuka mpaka kiwango cha chini kuliko wakati wowote tangu lilipoanza kupimwa, chumvi ikapanda mpaka watu wakaogopa kwamba hata atemia mwenyewe itamshinda. Mimi niko huku nachuja maji kwa kitambaa, riziki ya hachari yetu inategemea mvua ya theluji ya milima ya Utah. Mkebe ukichelewa bandarini, vichanga hawasubiri. Mara mbili tumemwaga matangi kwa sababu ya mkebe. Mara mbili! Na kutoka pale hachari mpaka kwenye majaruba ya kwetu ni safari ya matatu mbili tu.

Kwa hiyo nikajaribu. Naandika hili kwa sababu najua kuna wengine wamejaribu wakakata tamaa pale pale nilipokatia mimi.

Baba mdogo ana majaruba machache ya chumvi, ya kwake, madogo. Kaskazi ya mwaka huo nilikwenda nikaona kwenye pembe ya kusini magharibi ya jaruba moja kuna utandu wa kahawia umejikusanya ukingoni, upepo wa kaskazi unausukuma huko siku nzima, nikaushika nikaujua mara moja, ni mayai. Atemia ana tabia hiyo, maisha yakiwa mazuri jike anazaa watoto hai moja kwa moja, mpaka mia tatu kwa uzao mmoja na baada ya siku nne tano anazaa tena, lakini maji yakizidi ukali au hewa ikipungua anabadili, anaacha kuzaa watoto anatoa mayai yenye ganda ya kuja kulala. Ni kama mama anayeona njaa inakuja akaweka akiba ya mbegu. Nikachota na kipande cha neti, nikaosha mchanga kwa maji ya chumvi, nikasuuza, nikaanika kivulini juu ya shuka, nikapata kama vikombe viwili. Nililala usiku ule nikipiga hesabu.

Hayakutotoka. Nilitia maji, hewa, taa, kila kitu nilichojua, saa 24, saa 36, saa 48, nilipata vidudu vya kuhesabika. Nikasema mayai ya kwetu ni mabovu. Baba mdogo akaniambia pole mwanangu, labda ya kizungu ndio yana nguvu. Nikayamwaga yote chooni.

Mwaka mmoja baadaye ndio nikaelewa nilichomwaga. Yai lililotoka kwa mama yake hivi karibuni linakuwa na usingizi mzito wa asili ambao maji peke yake hayauvunji, lina kama komeo ndani. Lazima ulivunje hilo komeo kwanza, kwa kulikausha vizuri kabisa mpaka unyevu ubaki chini ya asilimia 10, au kulihifadhi ndani ya maji ya chumvi kali kwenye baridi kwa wiki kadhaa, au wengine wanatumia ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, kidogo na kwa muda mfupi. Yangu nilikuwa nimeyaanika kivulini siku moja na nusu, huku kwetu pwani ambako hata nguo haikauki vizuri. Yalikuwa mazima. Yalikuwa yamelala tu. Hilo jambo limeandikwa waziwazi kwenye kitabu cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, cha mwaka 1996 kuhusu chakula hai cha ufugaji wa majini, kimehaririwa na Lavens na Sorgeloos, kipo bure kabisa kwenye intaneti, na kila kitu kimo humo, mpaka vipimo vya neti. Kiko kwa Kiingereza cha kitaalamu. Baba mdogo hasomi Kiingereza. Wachumvi wote ninaowajua Gongoni, na ninawajua wengi, hawawezi kukisoma kitabu hicho, na wao ndio wenye majaruba.

Mhariri, naomba unielewe vizuri, hili ndilo jambo langu. Hatukosi vidudu. Hatukosi chumvi, jua, upepo wala watu wenye kuzoea kusimama kwenye maji makali kuanzia alfajiri. Tunakosa kurasa ishirini za Kiswahili na mtu wa kununua.

Vietnam walifanya hivi. Kule Vinh Chau, kusini karibu na mto Mekong unapoingia baharini, walikuwa wachumvi wadogo kama sisi, hawakuwa hata na atemia wa asili, wakaletewa mbegu ya San Francisco miaka ya 1980, chuo kikuu cha Can Tho kikashirikiana na cha Ghent kule Ubelgiji, na leo mayai ya Vinh Chau yanajulikana duniani kwa kuwa madogo na yenye lishe. Mkulima anapandikiza kila msimu wa kiangazi, manake mvua ikija maji yanapungua ukali na samaki wanaingia wanamaliza wote, kwa hiyo kila mwaka anaanza upya. Anakuwa na dimbwi la pembeni la kukuza maji ya kijani kwa mbolea ya kuku, anayapampu kwenye jaruba la atemia kama mtu anayemwagia mifugo majani. Hekta moja inampa kati ya kilo 50 na 100 za mayai mabichi kwa msimu, na chumvi yake anavuna vilevile. Hakuacha chumvi. Aliongeza tu zao juu ya maji yaleyale.

Sasa sisi hapa tuna kaskazi nzuri, Januari mpaka Machi jua la kuchoma na upepo, na baada ya masika tuna nafasi nyingine kabla ya vuli. Majaribio yameshafanywa hapa, sitadanganya, watafiti wamekuja na vikundi vimefundishwa na picha zimepigwa. Halafu mradi unaisha, gari linaondoka, neti zinabaki kwa mwenyekiti. Mradi ukifundisha kuvuna bila kufundisha kukausha na bila kuwa na hachari iliyosema nitanunua kilo kadhaa kwa bei fulani, umefundisha watu kurundika unga wa kahawia kwenye ndoo.

Kuna watu watauliza, je, huyu kidudu wa kigeni hana madhara? Ni swali zuri na sitaki kulikwepa. Kule Ureno, Uhispania na Ufaransa atemia huyu wa Marekani ameingia kwenye mashamba ya chumvi akawafukuza atemia wa asili wa kule, na hilo limethibitishwa. Kwa hiyo mimi siungi mkono mtu kuchukua ndoo Gongoni akaenda kumwaga kwenye kila dimbwi la chumvi kuanzia Lamu mpaka Mtwara na Pemba. Pale alipo tayari tumvune, pale ambapo hayupo aulizwe mtaalamu kwanza. Na kwa upande wa bahari yenyewe tuna kopepodi wa kwetu, vidudu vidogo vinavyoelea majini, wenyeji kabisa, wadogo kuliko atemia na wana mafuta mazuri ya kujenga ubongo na macho ya vichanga, na kwa vichanga wa samaki kama chewa wenye mdomo kama tundu la sindano hao ndio chakula chao cha asili. Mimi nawafuga kwenye mapipa mawili nyuma ya nyumba. Ni wagumu kuzidisha kwa wingi, hawapendi msongamano, na mayai yao hayawekeki kwenye mkebe kama ya atemia, lakini nimewaweka hai miezi saba sasa kwa maji ya kijani tu na subira, na kila nikichungulia na tochi usiku nikaona majike wamebeba vifuko vyao vya mayai nyuma, najisikia vizuri sana.

Ombi langu kwa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao ofisi yao kuu iko Mombasa pale Mkomani na wana watu wanaoyajua haya yote kuliko mimi, ni hilo la kurasa ishirini kwa Kiswahili cha kawaida. Jinsi ya kupima ukali wa maji, jinsi ya kumtambua jike mwenye mayai magumu, kuosha, kukausha, kuvunja usingizi, kuhifadhi. Picha nyingi maneno machache. Hata kwa sauti ya simu ni sawa, wachumvi wanasikiliza simu wakikwangua. Kaunti ya Kilifi wakipanga bajeti ya vizimba vya kaa watenge kidogo ya chakula hai, manake hachari yoyote itakayojengwa, ya hapa au ya Kwale au hata ile ya Zanzibar pale Beit el Ras ya mwatiko, majongoo na kaa, wote watahitaji kitu hikihiki. Na wenye mashamba makubwa ya chumvi, ambao wana hekta na hekta za maji haya, wawaruhusu wanavijiji waingie na neti pembezoni wakati wa kaskazi. Hawatapoteza hata punje, mayai yanayoelea kwenye povu la ukingoni sio chumvi. Kwa historia ya ardhi ya huku Magarini tunajua kwamba neno ruhusa ni zito, na watu wamelia sana juu ya mipaka ya hayo mashamba, ndio maana nasema iandikwe, isiwe ya mdomo ya msimamizi wa leo ambayo kesho inafutwa na mwingine.

Na wewe Mhariri, ukituma tena mwandishi kwa vikundi vya kaa, naomba umwambie aulize kaa wadogo wametoka wapi na waliokufa ni wangapi. Halafu aje Gongoni, nitampeleka ukingoni mwa jaruba achote maji kwa kiganja ajionee.

Mwaka huu nimeshaongea na baba mdogo. Amekubali jaruba moja lisiguswe mpaka Februari, nimeshona neti mbili, moja ya kuzuia samaki mlangoni na moja ya kuvunia, na nimeazima sanduku la kukaushia linalotumia jua na feni ndogo ya sola. Dadangu wa kikundi cha kaa amesema atakuja na wenzake wawili kuona. Unyevu nitapima kwa mizani, kabla na baada, sio kwa kidole kama nilivyofanya ile mara ya kwanza, na nikipata vikombe viwili tena nitakuandikia wametotoka wangapi.

Wako mtiifu,
Msomaji, Gongoni, Magarini